Hati Tuliyoipiga Lipu

Mgori, Jumapili, 12 Oktoba

Mwanangu Yunisi,

Nakuandikia ukiwa umekwenda kwa shangazi yako kuaga. Jua halijazama bado, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka uwe umemaliza kuku wake na kusikia mawaidha yake yote, kwa hiyo ninao muda. Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine. Leo hatukamui alizeti. Mahali hapa pakiwa kimya harufu ya mashudu inazidi, sijui kwa nini.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na kutomwamini kila anayekuita dada. Hayo shangazi yako amekusomea wiki nzima mpaka nimekusikia ukiyaimba jikoni kama kwaya. Mimi nataka kukuandikia juu ya ukuta ulio nyuma yangu hapa.

Safari zote ulizoondoka nyumbani ulikuwa na tarehe ya kurudi. Sekondari kulikuwa na likizo, chuo kulikuwa na likizo. Safari hii jana nimekuona ukifunga godoro kwa kamba. Mtu hafungi godoro kwenda kutembea. Nilikusaidia kukaza fundo, nikasema kamba nzuri hii, halafu nikaenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Umeniambia kazi yako Dodoma ni katika ofisi inayoandika miswada kabla haijaenda bungeni, na kwamba utaanza chini kabisa, kwa kusahihisha na kupanga vifungu. Nilipowaambia watu wa hapa, Mama Salimu aliuliza, "Kumbe sheria inaandikwa na mtu? Mimi nilidhani inatoka tu, kama tangazo." Tukacheka sana. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nalifikiria swali lake. Miaka yote niliposikia sheria imebadilishwa, nilikuwa naona kitu kama mvua ya mawe, kinashuka na hakina uso. Sasa nitakuwa naona meza, na kwenye meza naona mkono wako.

Ukuta unaujua, umekua ukipita mbele yake. Lakini mengine yalitokea ukiwa unabebwa mgongoni, mengine ukiwa bwenini, na moja lilitokea siku uliyokuwa mjini kuchapisha masharti ya chama. Kwa hiyo nivumilie nikikuhadithia hata unayoyajua.

Lazima nianze na babu yako wa Ulemo, baba yake mama yako. Wakati huo mama yako alikuwa hajaanza hata shule. Babu yako alilima pamba, na chama chao cha ushirika kilikuwa na ghala lenye mlango wa bluu na bango kubwa juu yake. Siku moja alipakia pamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akampandisha na mama yako juu ya mizigo. Walipofika walikuta bango limeshushwa, limeegemezwa ukutani. Mlinzi akasema chama kimefutwa. Vyama vyote vya namna ile vimefutwa, nchi nzima.

"Kimefutwa na nani?" babu yako akauliza.

"Na serikali, mzee."

"Kwani serikali ilikuwa mwanachama?"

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alichoweza kumpa ni lile bango. Babu yako alirudi nalo nyumbani, akalifanya mlango wa zizi la mbuzi, na kwa kuwa alikuwa na hasira, au kwa kuwa hakujali, alilipigilia kichwa chini. Mama yako alijifunzia herufi pale, akiwazuia watoto wa mbuzi wasitoke. Alipoingia darasa la kwanza, S yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwalimu, lakini A yake ilisimama kwa kichwa. Mpaka tunaoana, akiandika haraka, A yake iligeuka. Barua zake kwangu zote zina A za namna hiyo.

Basi sisi hapa tulipoanzisha chama chetu cha wakulima wa alizeti, mimi nikachaguliwa mwenyekiti. Masharti tuliyaandika kwa kufuata mfano tuliopewa wilayani. Siku hati ya usajili ilipoletwa, mama yako aliishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokezwa mtoto mchanga. Akaniuliza tutaiweka wapi. Nikasema tutaitundika ukutani kwa msumari.

Akatikisa kichwa. "Kitu cha msumari kinashushwa, Baba Yunisi. Mimi nimeshaona bango likiwa chini."

Wiki ile wanawake walikuwa wanapiga lipu chumba cha mashine. Mama yako akaichukua hati ikiwa ndani ya fremu ya kioo, akaisimika ukutani, akaizungushia simenti pande zote nne mpaka ikawa sehemu ya nyumba. Akasogea nyuma, akaitazama. "Haya," akasema, "anayetaka kukifuta chama hiki aje na nyundo." Watu wakapiga makofi. Kabla simenti haijakauka akagandamiza kiganja chake cha kulia chini ya fremu, na kile kidole chake cha mwisho kilichopinda, alichovunjwa na kamba ya ng'ombe utotoni, kikatoka vilevile kilivyo.

Tulijivunia sana ukuta ule. Mgeni akifika tunamwonyesha kabla ya kumwonyesha mashine. Wenzetu wa kijiji cha pili walikuja wakatazama, wakaenda kupiga lipu ya kwao. Kwa hiyo ujinga huu, kama ni ujinga, hatukuwa peke yetu.

Tena kila mkutano mkuu tulianza kwa kusoma ukurasa wa kwanza wa masharti, wote tumesimama. Ulisema kwamba chama kimeundwa chini ya sheria ya vyama vya ushirika, kama itakavyorekebishwa mara kwa mara. Tulizoea mpaka tukawa tunaitikia pamoja, na wazee wanavuta sauti mwishoni, "maaara kwa maaara." Ilipendeza kuisikia. Miaka yote ile hakuna mmoja wetu aliyeinua mkono akauliza, itakavyorekebishwa na nani?

Sharti la nne lilisema mwanachama atakuwa mkuu wa kaya. Tulipoliandika hakuna aliyesita. Ilikuwa kama kuandika kwamba ng'ombe ana pembe. Kwa hiyo mimi nikawa mwanachama. Mama yako, aliyepanda, aliyepura, aliyepiga lipu, aliyekuwa anachovya kidole kwenye mafuta na kujua kama mbegu zilikauka sawasawa, hakuwa. Akafanya utani. "Kama huyu ni mwanachama," akasema mbele ya watu, "basi mimi ni mkechama." Jina likamganda. Watu wakipita wanasalimia, "Mkechama, habari za mashine?"

"Mashine nzima," anajibu. "Kelele ni za mwenyekiti."

Utani ulikuja kuisha Baba Salimu alipofariki. Baada ya arobaini, mdogo wake akaja kutoka Itigi, mtu ambaye nadhani alikuwa hajawahi kushika jembe la alizeti, akatuambia kwamba sasa yeye ndiye mkuu wa kaya ya marehemu. Tukafungua masharti. Yalisema hivyo. Siku ya kupima, Mama Salimu akaja na magunia aliyoyalima kwa mikono yake, na katibu akayaandika kwa jina la shemeji yake. Mama Salimu akasimama pale pembeni ya mzani, ameshika kamba za magunia ambayo hayakuwa yake tena. Akaniangalia. Nikamwambia, "Masharti yanasema hivyo, shemeji." Nilisema kwa upole. Upole ule sasa unaniuma kuliko ningemfokea.

Tulipofika nyumbani mama yako hakukaa. "Lete hoja kwenye mkutano," akasema. "Sharti la nne libadilishwe."

"Masharti hayachezewi, Mama Yunisi. Tukibadilisha hili leo, kesho watataka lile."

"Nani watataka?"

"Watu."

"Na mimi ni nani?"

Nikaanza kuvua viatu. Yeye akacheka kidogo. "Kumbe nimejipiga lipu mwenyewe," akasema, akaenda kuangalia sufuria.

Ile hoja sikuileta. Mwaka ule sikuileta wala uliofuata. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri. Mvua zimechelewa, bei imeshuka, uchaguzi wa viongozi umekaribia. Mama yako hakurudia kuniomba. Aliendelea kujiita mkechama, na mimi niliendelea kucheka nikidhani kwamba kwa kuwa anatania basi haumii. Tuliishi vizuri, mwanangu, usidhani vingine. Tuligawana nyama ya shingo, tulicheka kitandani kama watoto. Lakini jambo moja lile lilikaa kati yetu kama kigoda ambacho kila mtu amezoea kukizunguka gizani. Sasa ninajua kwamba sikuogopa masharti kuharibika. Niliogopa wazee wakanicheka kwamba nimetumwa na mke wangu. Nikajificha nyuma ya sharti la nne kwa sababu lilikuwa limeandikwa, tena lilikuwa na namba.

Alitutoka msimu wa kupura, wewe ukiwa chuo mwaka wa pili. Hayo tuliyapitia pamoja, siyarudii. Nitakuambia tu kwamba siku ya kwanza niliporudi hapa kazini baada ya matanga, nilisimama mbele ya ukuta nikajaribu kuweka kiganja changu juu ya chake. Hakikuingia. Mkono wangu ni mkubwa mno. Nikaweka vidole viwili tu. Mama Salimu alikuwa anakamua, akaniona. Alizima mashine, akatoka nje akawaambia wenye mbegu kwamba mkanda umepata moto na lazima upumzike. Mkanda ulikuwa mzima.

Halafu, mvua za mwanzo za msimu uliofuata, akaja afisa ushirika na pikipiki imejaa matope. Kijana mwenye heshima, amenisalimia shikamoo kabla hata ya kuvua kofia ya chuma. Akanieleza kwamba sheria ya vyama imebadilishwa bungeni. Kila chama cha zamani kirekebishe masharti yake yalingane na sheria mpya, kirudishe na hati ya zamani, kipewe nyingine. Kisichofanya hivyo ndani ya muda kitafutwa kwenye rejesta.

"Tutatoa nakala," nikasema.

"Nakala haipokelewi, mzee. Inatakiwa yenyewe halisi."

Nikamwingiza ndani nikamwonyesha. Alitazama fremu, akapitisha kidole kwenye simenti.

"Mzee, hii mmeijengea?"

"Tumeijengea."

Akakuna kichwa. "Hili kwenye mwongozo halimo," akasema.

Nikamwambia ukuta hauvunjwi. Nikarudia maneno ya mama yako, kwamba anayetaka kutufuta aje na nyundo. Nilijua vizuri kitakachofuata. Chama kikifutwa, mashine ni ya chama. Ghala ni la chama. Watu wangerudi kuuza mbegu shambani kwa mlanguzi mwenye ndoo yake ya kupimia. Yote hayo niliyajua, lakini nilikuwa nimemzika mke wangu, na kilichobaki cha mkono wake kilikuwa pale. Nikawaambia wanachama tusubiri. Nao walisubiri kwa sababu walinionea huruma, na kwa sababu muda tuliopewa uliangukia wote kwenye kulima na palizi, hakuna mtu aliyekuwa na nafasi ya kugombana.

Ukaja wewe likizo, na sheria mpya umeichapisha, karatasi nyingi zimebanwa kwa pini. Mkutano ule unaukumbuka, ila huwezi kukumbuka jinsi ulivyoonekana ukiwa umetazamwa na baba. Ulisimama chini kabisa ya kiganja cha mama yako bila kujua.

Yule mzee fundi baiskeli ndiye aliyeanza. "Bunge liko Dodoma. Limejuaje ya Mgori? Mtu akikupa shamba, anarudi tena kukuambia upande nini?"

Ukamjibu kwa heshima. "Babu, shamba lilikuwepo kabla ya hati. Chama hakikuwepo. Mkisema chama kimenunua mashine, nani amenunua? Chama hakina mkono wala mdomo."

"Kina mwenyekiti."

"Mwenyekiti atakufa, chama kitabaki. Kilichokipa chama mkono wa kununua na mdomo wa kushtaki ni sheria. Na sheria ilisema toka siku ya kwanza kwamba itarudi kurekebisha. Nyie wenyewe mmekuwa mkiimba."

"Tumeimba lini sisi?"

"Mara kwa mara," ukasema.

Wazee wakatazamana. Kisha mtu mmoja kule nyuma akaanza taratibu, "maaara kwa maaara," na chumba kizima kikaangua kicheko, na mzee fundi akacheka kuliko wote, akapiga goti lake kwa kofia.

Ukaendelea kusoma. Ukafika mahali panaposema nani anaweza kuwa mwanachama. Mtu yeyote aliyetimiza umri, anayefanya shughuli ile, mwanamume au mwanamke. Habari ya mkuu wa kaya haikuwemo.

"Rudia hapo," Mama Salimu akasema.

Ukarudia.

"Rudia tena, mwanangu, polepole. Mwenyekiti wetu ana sikio moja."

Watu wakacheka tena, ila mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia juu ya kichwa chako. Nguvu ileile iliyoshusha bango la babu yako, ambayo mama yako aliijengea ukuta maisha yake yote, ndiyo iliyopita juu ya ukuta ule ikafanya alichoniomba yeye na mimi nikashindwa. Kitu ambacho kingehitaji mimi niinue mkono tu. Nilipata aibu, na papo hapo nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo na mtu asiyempenda. Nikasema, "Nileteeni tindo." Wewe ulidhani umenishawishi kwa sheria. Ulinishawishi, lakini ni Mama Salimu alipokuomba urudie mara ya pili.

Hili la mwisho ndilo usilolijua.

Siku uliyokwenda Singida mjini kuchapisha masharti mapya, tulivunja ukuta, mimi na Mama Salimu. Yule mzee fundi alijitolea nikakataa. Nilianza kona ya juu, mbali kabisa na kiganja. Mama Salimu alitandaza kanga chini ya fremu na kushika pembe zake mbili ili vipande visianguke sakafuni.

"Polepole, Mwenyekiti," akasema. "Gonga kama unamwamsha mtoto."

Mama yako alikuwa amechanganya simenti ya kutosha, nakuhakikishia. Upande wa juu ulitoka, wa kulia ukatoka, wa kushoto ukatoka. Upande wa chini ulikuwa umeshikana na kiganja. Nikagonga kidogo, nikangoja, nikagonga kidogo. Fremu ikaachia. Hati ikatoka nzima, nyeupe kama siku ilipoletwa. Na pamoja nayo likabanduka dole gumba, peke yake, likaanguka kwenye kanga bila hata sauti.

Tulikaa chini wote wawili. Mama Salimu akaliokota, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Ilikuwa inaonekana mpaka mistari ya ngozi.

"Tazama," akasema. "Mkechama ameweka dole gumba."

Unajua daftari letu la wanachama lilivyo. Wanaojua kuandika wameweka sahihi, wasiojua wameweka dole gumba kwa wino. Kurasa zote za miaka ile, jina la mama yako halimo popote. Nililia pale, mwanangu, mbele ya mwanamke niliyemnyang'anya magunia yake kwa upole. Yeye akanipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. "Basi, shemeji," akasema. "Na mimi nitaweka langu kesho. Tulia."

Akaliweka kesho yake. Wa kwanza kwenye daftari jipya ni yeye. Shemeji yake wa Itigi alituma salamu, hatujamwona tena.

Kiganja kilichobaki, na vidole vyake vinne, unakijua, bado kipo chini ya lile shimo. Shimo sijaliziba. Hati mpya nimeitundika juu yake kwa msumari mmoja. Mara nyingine naikuta imeshushwa, mtu ameiweka kwenye magunia anaisoma, au watoto wameirudisha kichwa chini. Zamani ningewafukuza. Siku hizi naigeuza tu, na nikiigeuza nazisalimu zile A za mama yako.

Sasa wewe unakwenda kukaa upande ule maneno yanakotoka. Mimi niliyeishia darasa la saba siwezi kukuambia uandike nini. Nimeuona mkono wa sheria ukitwaa na nimeuona ukitoa, na ni mkono uleule. Nimejaribu kutafuta kanuni ya kuutambua kabla haujafika, sijaipata. Ninachojua ni kidogo. Babu yako aliambiwa na mlinzi, mlangoni, pamba ikiwa tayari mkokotenini. Kama angeulizwa mapema labda bado angekataa, lakini asingelipigilia bango kichwa chini. Sisi tulikuwa na wewe wa kutusomea polepole na kurudia. Vijiji vingi havina.

Ukifika mahali pa kuandika muda, uliza muda huo unaangukia miezi gani. Ofisini mnahesabu siku, huku tunahesabu palizi. Na mkiandika kwamba hati za zamani zirudishwe, jua kwamba kuna mahali watu wamezipiga lipu. Usiwacheke. Wana sababu, na ukikaa nao watakuambia.

Usijifiche nyuma ya maandishi kwa sababu yana namba. Utakuwa katikati ya maandishi yenye namba kuanzia asubuhi hadi jioni, na ni mahali pazuri sana pa kujificha, mimi nimepajua. Na utakapopata mwenzako wa maisha, akikuomba jambo kwa utani, msikilize kana kwamba hakutania.

Juu yangu usiwe na wasiwasi. Nitapika. Shangazi yako yupo, mashine ipo, na Mama Salimu sasa ni mjumbe wa bodi, ananigombeza kwa mujibu wa masharti. Jioni ndiyo itakuwa ndefu kidogo. Nitazoea.

Ukifungua mfuko wa pembeni wa begi lako utakuta kitu kizito kidogo, kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga ya mama yako, ile ya njano. Usikitupe ukidhani ni jiwe lililoingia kwa bahati mbaya. Ni dole gumba. Kiganja chake nabaki nacho mimi, dole nenda nalo wewe. Nimeona kwenye picha uliyonionyesha kwamba meza za ofisini kwenu ziko karibu na dirisha. Liweke juu ya karatasi zako zisipeperushwe. Mama yako angefurahi kushikilia muswada wa Bunge kwa dole gumba.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na shangazi yako, na nadhani amekupa kuku mwingine wa kubeba. Nakunja karatasi.

Siku ukiandika neno mwanachama, simamisha kalamu kidogo, utukumbuke, mama yako na mimi.

Baba yako